Meli Yenye Pua ya Kijita

Jumamosi, 2 Agosti 1986

Ubavu mwingine umekaa. Karatasi ya msasa imeisha makali, kwa hiyo nimesugua kwa majani ya msasa yenyewe. Yanatosha. Niliupachika kwenye mkuku, uti wa mgongo wa meli, na haukucheza hata kidogo. Nimefurahi sana, peke yangu.

Tunakula mkekani kwa sababu meza ni yangu. Mama analalamika kila siku. Hajaniondoa.

Baba amekaa nje tangu chai. Chai bila sukari. Ananoa tezo, analiweka chini, analichukua tena. Mtumbwi anaoujenga uko Kiriba ufukweni, kwa Wajita wenzetu, umefika nusu. Misumari hakuna. Alitafuta Musoma mjini, akatafuta Bunda, akaagiza Tarime. Hakuna. Fundi wa mitumbwi bila misumari anakaa tu kwenye kigoda, hapa kwetu Nyasho, anasalimia wapita njia.

Boksi hili la meli ndogo ya kuunganisha alinipa Padre mzee, Mholanzi, kabla hajarudi kwao. Kila Jumamosi nilikuwa napanga vitabu vyake na kufuta vumbi. Alisema dada yake alimtumia, lakini macho yakamkatalia kabla hajaanza. Ndani mlikuwa na mbavu za mbao nyembamba, fito ndefu za kufunikia, misumari ya shaba midogo kama sindano, uzi mweusi, vitambaa vya tanga, na ramani moja kubwa kama shuka la mtoto. Maelezo yote ni Kiholanzi. Sijui neno hata moja. Namba nazijua na mistari naiona. Inatosha.

Jumatatu, 4 Agosti

Leo nimefanya jambo kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya shuleni. Nimeongea.

Mwakani ni kidato cha tatu, tunagawanywa michepuo. Wavulana ufundi, wasichana sayansi kimu. Mimi nataka ufundi. Nataka ule uchoraji, zile meza zilizoinama, zile rula ndefu. Nimetaka tangu kidato cha kwanza na sijamwambia mtu.

Nilisimama mlangoni pa karakana mpaka Mwalimu Wambura akaniona.

"Unamtafuta nani?"

"Nakutafuta wewe, Mwalimu. Shikamoo."

Nikasema. Akasema hajawahi kuwa na msichana. Nikamwambia kuhusu meli. Akacheka, kisha akaacha kucheka, akauliza ramani ina vipimo gani. Nikamjibu. Akaniuliza tena, nikamjibu tena.

"Basi sikiliza," akasema. "Jenga hiyo meli kama ramani inavyosema. Siku ya wazazi uilete, na ramani uilete. Mkuu wa shule ataweka rula mwenyewe. Zikilingana, mimi nitakusemea. Zisipolingana, nenda kapike keki."

Keki ya unga gani? Ngano yenyewe haionekani. Lakini maneno yangu yalikuwa yameisha.

Mafuru wa darasani kwetu alikuwa ndani anapiga randa, amesikia yote. Njia nzima ya kurudi: "Nahodha! Nahodha, unaondoka saa ngapi? Tuwekee nafasi!"

Sijali. Najali kidogo.

Jumapili, 10 Agosti

Bunda, kwa mjomba. Nilipanda lori lililokuwa linakwenda kubeba pamba. Gundi iliyokuwa ndani ya boksi imekauka kuwa jiwe. Mjomba ni seremala, amenipa gundi ya ngozi, vipande vya kahawia kama sukari guru. Unaloweka, unachemsha, unapaka ikiwa moto. Inanuka ng'ombe aliyekufa.

Mjomba alisema inashika kuliko yoyote ya dukani. Adui yake ni maji ya moto. Ukiyamwagia, kila kitu kinaachia, hata kabati.

Amenipa na pande la mkate. Sikumbuki mara ya mwisho kula mkate.

Alhamisi, 14 Agosti

Milingoti ya kwenye boksi imeliwa na dumuzi. Ukiigonga inatoa unga. Sikulia. Bibi wa Butiama ana miti ya mikole nyuma ya nyumba, nimemtumia salamu aninyoshee fito tatu, zikaukie kivulini.

Mbavu zinaendelea.

Jumamosi, 23 Agosti

Mbavu zote zimesimama. Nimeweka meli katikati ya meza na kurudi nyuma mpaka mlangoni kuitazama. Mkuku, mbavu, basi. Mwanga unapita katikati. Nimelinganisha kila ubavu na ramani, na kila ubavu uko mahali pake. Kila mmoja. Nikifa leo Mwalimu Wambura atapata ushahidi.

Mama ametoka jikoni na mwiko.

"Mama mkwe, huyo sangara ameliwa na nani?"

Ananiita mama mkwe kwa sababu nina jina la mama yake Baba. Na Baba ananiita mama. Kwa hiyo katika nyumba hii mimi ndiye mkubwa kuliko wote, nikimaliza kuosha vyombo.

Baba naye amekuja kuangalia; nyumbani nimewaambia tu kwamba itaoneshwa siku ya wazazi. Ameinama. Amezunguka meza. Ameweka kichwa upande.

"Mbao lini, mama?"

"Nikimaliza majaribio, Baba. Wiki ijayo."

Akaguna. Nilitaka kumweleza ramani inavyokwenda, nikaona aibu. Nitamwelezaje mtu aliyejenga nusu ya mitumbwi ya Kiriba?

Ijumaa, 29 Agosti

Siwezi kuandika vizuri.

Nimerudi kutoka shuleni saa za mchana. Baba alikuwa amesimama mlangoni amenyooka, amevaa shati. Anacheka. Sijamwona akicheka tangu misumari iishe.

Meli ina mbao. Mbao zote. Ina pua ndefu iliyochongoka. Ina mgongo ulioinuka mbele. Ni mtumbwi.

Baba ameibomoa meli yangu. Aliimwagia maji ya moto, akatoa mbavu zote, akaziweka pembeni. Akachukua fito, akazikunja juu ya mvuke wa sufuria ya Mama, akazipanga kutoka kwenye mkuku kwenda juu, moja baada ya nyingine, akazishika kwa uzi wangu, gundi ya mjomba na misumari yangu ya shaba. Halafu ndipo akarudisha mbavu. Lakini mbavu hazikuingia, kwa sababu umbo ni jingine. Kwa hiyo akazikata ndipo zikaingia. Kwa kisu. Zote. Vipande viko chini ya meza.

Akaniambia, "Mama, ulikuwa umeanzia mbavu. Nilikaaga naangalia hapa, nasema mtoto atapata aibu mbele ya walimu. Mbao kwanza! Mbavu inafuata mbao. Nani ameona mtumbwi umeanzia miba?"

Nikasema, "Asante, Baba."

Ndiyo. Nilisema asante. Nikaenda nyuma ya choo nikalia mpaka pumzi ikakata.

Jumamosi, 30 Agosti

Namchukia Baba. Nimeandika. Ndivyo ilivyo leo.

Ramani inasema pua iwe butu, ya mviringo, kama mkate. Ya Baba inakata. Ramani inasema sitaha iwe pana nyuma. Kipande cha sitaha nimejaribu kukipachika, kinatokeza pande zote mbili kama masikio. Hakuna mbavu za akiba. Hakuna fito za akiba. Uholanzi ni mbali.

Nimekataa uji. Mama ameniangalia. Hajasema mama mkwe.

Jumapili, 31 Agosti

Kanisani nimeimba vibaya. Baba amewaambia wazee wawili nje ya kanisa kwamba binti yake anajenga meli kubwa ya Kizungu na yeye amemsaidia "mahali palipokuwa pagumu". Wakampa mkono.

Siwezi kumwambia.

Jumatano, 3 Septemba

Nimeipeleka kwa Mwalimu Wambura ikiwa imefunikwa kwa kitenge. Bora ajue mapema.

Akaweka ramani mezani, akaweka meli juu yake. Hakuhitaji rula.

"Hii siyo hii."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Umesoma nini hapa?"

Sikumtaja Baba. Nilitazama viatu vyangu. Mafuru na wenzake walikuwa wamejaa dirishani.

"Mwalimu, hiyo ni meli ya Kizungu yenye pua ya Kijita!" Mafuru akasema. Karakana nzima ikalipuka. Hata Mwalimu aliuma mdomo.

Walipoondoka aliniambia polepole kwamba hawezi kwenda kwa Mkuu na kitu ambacho hakilingani na mchoro wake. Ufundi ni hapo tu, akasema. Kitu na mchoro viseme neno moja. Akaniambia sayansi kimu nayo ni elimu.

Nilibeba meli mpaka Nyasho kichwani, kama ndoo. Watoto walinifuata.

Jumapili, 7 Septemba

Mama alinibana jikoni nikamwambia. Akaendelea kuchambua dagaa, akatoka, akaenda kumwambia Baba. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta wa bati.

"Ulimharibia mtoto."

"Nimeharibu nini? Imekaa vizuri ile!"

"Shuleni wanataka ile ya kwenye karatasi. Ndiyo ilikuwa mtihani wake. Ili aingie kwenye ufundi."

"Ufundi upi?"

"Wa kama wako. Lakini wa kalamu."

Nikasikia tezo linawekwa chini.

Kisha Baba akaingia. Akasimama mbele ya meza. Akasema, "Mama, nitaibomoa. Nitairudisha ilivyokuwa." Mikono yake ilikuwa tayari juu ya meli.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti, mpaka nikashtuka.

Sikusema hapana kwa sababu ya huruma. Mbavu zimekatwa, hairudi. Na jambo jingine, naliandika hapa tu: ni nzuri. Siku zote hizi nimekuwa na hasira nayo huku naitazama. Mbao zake zinakimbia kutoka mbele mpaka nyuma bila kukatika, kama maji yanapoacha jiwe. Mimi nisingeweza. Ile yangu ingekuwa sahihi. Isingekuwa hivi.

Baba alitoa mikono. Akakaa kwenye kigoda, ndani, si nje. Akasema hakujua kwamba kuna watu wanaanzia mbavu. Akauliza, "Na inaelea?"

Nikamwambia, Wazungu walifika nazo mpaka huku, Baba.

Akafikiri. "Kweli. Walifikaga."

Jumanne, 9 Septemba

Nimeamka na wazo. Sijui kama ni la akili au la mtu aliyekataa kushindwa.

Mwalimu alisema kitu na mchoro viseme neno moja. Hakusema kipi kifuate kipi.

Baba anasema mbavu inafuata mbao. Basi mchoro ufuate meli. Nitaichora hii. Yote, kila ubavu, kutoka juu, kutoka ubavuni, kutoka mbele, kwa vipimo. Nyuma ya ramani ya Mholanzi ni nyeupe tupu. Karatasi nzuri namna ile haipo Mara nzima.

Nimemwuliza Mwalimu Wambura kama inaruhusiwa. Aliweka chaki chini.

"Unajua kuchora umbo lililojipinda pande zote? Mimi chuoni lilinitoa jasho."

"Nitajifunza, Mwalimu."

Akaenda kwenye kabati, akatoa kitabu chakavu kisicho na jalada, akaniazima. Akasema ni mpaka siku ya wazazi na Mkuu anaweza kukataa tangu mlangoni. Akasema pia nisimwambie mtu kwamba karakana inaazima vitabu.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimesoma mpaka kurasa zimeanza kuachia. Kitabu kinasema uikate meli kwa mawazo, kama samaki. Vipande vya kusimama, halafu vipande vya kulala. Kila kipande unakichora ukingo wake.

Vya kusimama nimepata. Waya wa shaba. Naukunja juu ya ubavu wa meli, nautoa taratibu, nauweka kwenye karatasi, nafuata kwa penseli. Unashika umbo vizuri.

Vya kulala vimenishinda. Nitajuaje mstari ulio sawasawa kuizunguka meli nzima?

Jumamosi, 13 Septemba

Siku nzuri kuliko zote. Nataka kuiandika polepole.

Baba aliniona nimeshika kichwa. Akauliza, nikamweleza, safari hii nikaeleza mpaka mwisho. Akasema, rahisi, weka majini. Maji hayadanganyi. Weka kwenye karai, ongeza kikombe, piga alama, ongeza kikombe, piga alama.

Niliruka kwa furaha. Karai nikalileta, maji nikachota, meli nikaishika. Ndipo nikakumbuka harufu ya ng'ombe aliyekufa. Gundi. Maji ya moto ndiyo adui yake mkubwa, lakini hata ya baridi ikikaa italegea. Ingefunguka kama ua mbele ya macho yetu.

Tukatazamana, Baba na mimi. Na karai.

Ilitakiwa kitu kikavu badala ya maji, na Mama akasema asithubutu mtu kutaja unga wake.

Mchanga, nikasema. Mchanga mkavu, ule laini. Baba alichukua ndoo akaenda ziwani mwenyewe, akaurudisha, akauanika juu ya bati, akauchekecha kwa chekecheo la chai. Mama akapiga kelele kuhusu chekecheo. Tukaiweka meli ndani ya karai, tukaijaza mawe madogo isicheze. Baba anamimina kikombe cha mchanga, anausawazisha kwa ubao, mimi napiga alama kuzunguka kwa penseli. Kikombe, ubao, penseli. Jirani alichungulia akauliza tunapanda nini.

Tulipoitoa, mistari ilikuwa imeizunguka kama pete za mti, mmoja juu ya mwingine. Baba aliigeuza, akaigeuza. Akapitisha kidole juu ya mstari mmoja kutoka pua mpaka nyuma.

"Kumbe hivi ndivyo nilivyofanya," akasema.

Sina tena lile neno nililoliandika tarehe thelathini.

Jumamosi, 20 Septemba

Misumari imekuja! Mfanyabiashara mmoja ameileta kupitia mpakani Sirari, masanduku kwa masanduku, anauza hadharani sokoni wala haogopi. Mwaka juzi angefungwa. Watu wanasema sasa ruhusa, leteni vitu. Sabuni za kunukia nimeziona pia, na nguo za mitumba zimerundikwa chini kama majani.

Baba ameondoka kwenda Kiriba na tezo lake begani, anatembea haraka kama kijana. Ameniuliza kama bado namhitaji kwa ile kazi. Nikasema iliyobaki ni ya penseli. Akasema atakuja siku ya wazazi.

Nyumba imekuwa kubwa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Fito za Bibi zimefika kutoka Butiama, zimenyooka vizuri. Milingoti mitatu. Nimechonga, nimesugua, nimesimamisha. Sitaha nimeikata upya kwa umbo langu, yaani la Baba. Kamba nimefunga zile ambazo uzi uliobaki umezitosha, nyingine nimeacha. Matanga nimeyakunja, hayajafunguliwa, kwa sababu mende walishayatoboa na yakikunjwa matundu hayaonekani.

Mchoro ndio kazi. Nimefuta mahali pamoja mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kutoka juu umekubali. Kutoka ubavuni umekubali. Kutoka mbele, mstari wa nne unakataa kukutana na mwenzake. Nimeurudia leo mara nyingi. Kesho tena.

Mahali pamoja chini nyuma, pale mkuku unapopanda, waya haufiki wala mchanga haukuingia vizuri. Sijui umbo lake hasa. Ningeweza kubuni, nani atajua? Nimechora kwa nukta nukta na kuandika kando: *haikupimika*.

Jumatano, 8 Oktoba

Umekutana. Mstari wa nne umekutana.

Kosa lilikuwa kwenye kupiga alama, siyo kwenye meli.

Ijumaa, 10 Oktoba

Kesho. Nimefua sare, nimepiga pasi ya mkaa. Mafuru ameniuliza kama pua imepona. Nikamwambia njoo uipime. Akageuka akaondoka. Mimi ndiye niliyemfukuza! Nimetembea mpaka nyumbani nikitabasamu kama mjinga.

Naogopa Mkuu atanikataa kabla sijafungua mdomo. Naogopa zaidi kwamba hatanikataa na itabidi nifungue mdomo.

Mchoro uko sawa. Hilo siliogopi.

Jumamosi, 11 Oktoba

Kwanza ngoma, kisha hotuba, kisha kwaya, kisha hotuba. Meza za maonesho zilikuwa chini ya turubai. Sayansi kimu walikuwa na vitambaa na maandazi ya muhogo. Ufundi walikuwa na vigoda na fremu ya dirisha. Mimi nilikuwa mwisho, kati ya dirisha na ukuta.

Baba alikuja na shati lile lile. Alikuwa ametoka Kiriba alfajiri, na magamba ya samaki yalikuwa yameganda kwenye suruali yake. Alisimama nyuma kabisa.

Mkuu wa shule akafika na wageni. Mwalimu Wambura akamweleza kwa kifupi: huyu ni msichana anayeomba ufundi, amejenga na kuchora. Mkuu akageuza karatasi, akaona ya Kiholanzi. Akaigeuza tena, akaona yangu. Akauliza, "Ipi ndiyo sahihi?"

Nikasema, "Zote, Mkuu. Upande huu ni meli yao. Upande huu ni hii."

"Kwa nini hukujenga yao?"

Nilijua Baba anasikia.

"Wao wanaanzia mbavu. Sisi ziwani tunaanzia mbao. Mimi nilianza kwa yao, ikamalizikia kwa yetu. Ikabidi niitafutie ramani yake."

Watu wakacheka, lakini vizuri. Mkuu hakucheka. Alitoa rula mfukoni. Akachagua mahali kwenye meli, akapima, akatafuta kwenye mchoro. Ikalingana. Akachagua pengine, karibu na pua. Ikalingana. Akainama akaigeuza juu chini, akaelekeza rula chini nyuma, pale pale.

"Hapa?"

"Hapo sikuweza, Mkuu. Nimeweka nukta."

Akasoma kando. *Haikupimika.* Kisha akamtazama Mwalimu Wambura.

"Hawa wako wa kidato cha nne, wakishindwa kupima wanafanyaje?"

"Wanabuni, Mkuu," Mwalimu akasema.

Mkuu akarudisha rula mfukoni. Akasema atafikiri. Akaenda kula maandazi ya muhogo.

Baba alisogea walipoondoka. Hasomi, lakini aliinamia ule mchoro wa kutoka mbele, ile mistari iliyolala ndani ya mistari. Akafuata mmoja kwa kidole bila kugusa karatasi.

"Umeukata kama samaki ningu," akasema. Kisha, "Kuna mzee kule Kiriba anaulizaga kila siku, kwa nini mitumbwi yangu haipinduki mawimbi yakija kwa ubavu. Nilikuwaga sina cha kumjibu. Nitamwambia njoo Musoma, kipo kwenye karatasi."

Hakuomba msamaha. Sikuutaka.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mkuu amekubali.

Masharti: nivae suruali ya kazi siku za karakana, wazazi wakubali mbele yake, na meli ikae ofisini kwake mpaka nimalize shule. Nimekubali yote kabla hajamaliza sentensi. Mwalimu Wambura alinipa mkono. Wake ni mgumu, wangu ulikuwa na jasho.

Nilimwambia Mama. Alipiga kigelegele kimoja, kifupi, akarudi kwenye moto. Kisha akasema ataishona suruali yeye, asinishonee fundi wa kiume asiyejua nyonga za mtu.

Baba nimemtumia salamu na mwenye kuuza dagaa.

Jumatano, 14 Januari 1987

Somo la kwanza la uchoraji. Mvua ilinyesha usiku, karakana ilikuwa na baridi na harufu ya mbao mbichi. Suruali inabana magotini. Nilipata meza ya dirishani, haina mguu mmoja, imewekewa tofali.

Wavulana walitazama mwanzoni. Kisha kazi ikaandikwa ubaoni wakaacha kutazama. Mchemraba, kutoka juu, mbele na upande. Basi. Mchemraba mtupu. Nilichora, nikakosea unene wa mstari, nikafuta, nikachora tena. Mafuru aliazima kifutio changu akasahau kukirudisha, nikamdai, akarudisha.

Mwalimu Wambura alipita kati ya meza, mikono nyuma. Alisimama kwa mmoja akamrekebisha, akasimama kwa mwingine akamgombeza. Akafika kwangu. Akatazama. Akaendelea na meza iliyofuata.